Uyoga unavizidi viazi mara 15 kwa protini? Mbona mjukuu wangu amepungua uzito?

#1 Jajja_Walukuba (Jinja)

Salaam kwenu nyote. Mwezi uliopita nilihudhuria mafunzo ya siku mbili ya ukulima wa uyoga, na mkufunzi akaandika ubaoni kwamba katika kila gramu 100, uyoga una gramu 30 za protini ilhali viazi mviringo vina gramu 2 tu; kwa hiyo, alisema, uyoga unavizidi viazi mara 15, na mzazi anayemlisha mtoto viazi kila siku anamjaza wanga mtupu. Niliyanakili yote kwenye daftari. Ninamlea mjukuu wa miaka minne, na sahani yake ya jioni tangu zamani ilikuwa viazi vya kuchemsha. Niliporudi nyumbani niliviondoa nikaweka uyoga mahali pake, na nimeshikilia hivyo kwa wiki tatu bila kukosa hata siku moja, ingawa bei ya uyoga inaumiza.

Jumamosi nilimpeleka kupimwa. Kabla ya mabadiliko haya alikuwa na kilo 15.2, na sasa ana kilo 14.6. Anacheza na haonekani mgonjwa, lakini usiku huamka na kuniambia kwamba ana njaa. Naomba kujua mambo mawili: je, hesabu ya mara 15 ni ya kweli, na kama ni ya kweli, kwa nini mtoto anapungua?

#2 MkulimaKigezi (Rubanda)

Jajja, mrudishie mtoto viazi vyake leo hii, maelezo yatafuata. Mtoto anayeamka usiku kwa njaa hajashiba, hata ubao ukiandikwa nini.

#3 FundiUyoga (Wakiso)

Naomba tusimhukumu mkufunzi haraka. Mimi ninalima uyoga ule wa kofia pana ambao wenzetu wa Tanzania wanauita mamama, kwenye maganda ya mbegu za pamba yaliyofungwa ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki), na ndiyo kazi inayonisomeshea watoto. Ile gramu 30 ni ya kweli, ila ni ya uyoga mkavu. Uyoga mbichi karibu sehemu tisa kati ya kumi ni maji. Nikianika kilo 10, jioni ya siku ya pili au ya tatu ninapima kilo 1 hivi. Kwa hiyo hakuna uongo pale, isipokuwa neno moja lililosahaulika ubaoni.

#4 Mwalimu_Mbale (Mbale)

Ndugu FundiUyoga, neno hilo moja ndilo lililobeba hesabu yote. Viazi vya gramu 2 ni viazi vibichi, ambavyo karibu asilimia 79 ya uzito wake ni maji. Huwezi kuweka kikavu upande mmoja wa mizani na kibichi upande wa pili, kisha ukatangaza mshindi. Tulinganishe kwa haki.

Vikiwa vibichi vyote, gramu 100 za uyoga wa mamama zina protini gramu 3.3 hivi, na gramu 100 za viazi zina gramu 2. Hapo uyoga unazidi, lakini ni kwa mara moja na nusu na kidogo, wala si mara 15. Vikiwa vikavu vyote, uyoga hufikia gramu 30 na viazi hukaribia gramu 10, yaani mara tatu. Mara 15 haipatikani popote pale isipokuwa kwa kuchanganya vipimo.

Sasa tazama nguvu, kwa sababu mtoto hukimbia kwa nguvu, hakimbii kwa protini peke yake. Gramu 100 za uyoga mbichi hutoa kalori 33. Gramu 100 za viazi vilivyochemshwa na maganda yake hutoa kalori 87. Mtoto wa miaka minne anahitaji takriban kalori 1,200 hadi 1,300 kwa siku, na tumbo lake ni dogo. Ukimpa sahani ya uyoga yenye ukubwa ule ule wa sahani ya viazi, umemnyima zaidi ya nusu ya nguvu aliyoizoea, naye hatakuwa na namna ya kukueleza ila kuamka usiku.

#5 FundiUyoga (Wakiso)

Nakubali, Mwalimu, lakini geuza hesabu hiyo hiyo upande wa pili. Ukitafuta kalori 100 kutoka kwenye uyoga utakula gramu 300 na kupata protini gramu 10. Ukizitafuta kwenye viazi utakula gramu 115 na kupata gramu 2 na nukta. Kwa kila kalori, uyoga unaongoza kwa mbali sana, na kwa mtu mzima mwenye kitambi au mwenye kisukari hilo ni jambo kubwa. Kosa si la uyoga. Kosa ni kumpa mtoto mwembamba chakula kinachomfaa mtu mnene.

#6 Muuguzi_Arua (Arua)

Jajja, pole kwa wasiwasi. Kabla hatujaendelea na kalori, mimi ningeanza na mtoto mwenyewe. Kilo 14.6 kwa mtoto wa miaka minne bado si uzito wa kutisha, lakini kushuka kwa mtoto anayepaswa kupanda ni jambo la kufuatiliwa. Mwombe mhudumu wa afya wa kijiji ampime mzingo wa mkono wa juu kwa ule utepe wa rangi. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano, chini ya sentimita 12.5 ni dalili ya utapiamlo na chini ya 11.5 ni hatari kubwa. Kisha jiulize: mara ya mwisho kupewa dawa ya minyoo ilikuwa lini? Je, alipata homa yoyote katika wiki hizo tatu? Nimeona watoto wengi ambao mama zao walilaumu chakula, kumbe ni minyoo, au ni malaria iliyopita kimya kimya ikamwachia mtoto ulegevu wa kula. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwa mjukuu wako, ila chakula kisihukumiwe peke yake.

#7 Busia_Mpakani (Busia)

Mimi si mtu wa lishe, ni mtu wa mizani. Ninanunua na kuuza nafaka hapa mpakani. Nauliza swali la kazi yangu: mara ya kwanza na mara ya pili mtoto alipimwa kwenye mizani ile ile? Alivaa nini? Viatu na sweta vya mtoto vinaweza kufika nusu kilo, na mtoto aliyetoka kunywa kikombe cha chai ana uzito wa kikombe hicho. Gramu 600 tunazozijadili hapa zinaweza kuwa hazikuwahi kuwapo mwilini mwake.

#8 Jajja_Walukuba (Jinja)

Asanteni, nimesoma kila neno. Nijibu kwa mpangilio.

Mizani ni tofauti. Mara ya kwanza alipimwa kliniki akiwa na nguo za shule na viatu, mara ya pili kwa jirani yangu mwenye duka la dawa akiwa na kaptula peke yake. Sikulifikiria hilo hata kidogo. Dawa ya minyoo alipewa Oktoba, katika zile siku za afya ya mtoto. Homa hakupata, ila wiki ya kwanza alikuwa na mafua.

Kuhusu chakula: zamani nilimpa viazi vitano vidogo, ambavyo nimevipima leo nikapata gramu 300, pamoja na kikombe cha maziwa. Sasa nampa bakuli la uyoga, gramu 200 mbichi, niliokaanga kwa kitunguu, nyanya na kijiko kidogo cha mafuta. Maziwa niliyaacha kwa sababu niliona hayaendani na uyoga, na pia kwa sababu fedha ya maziwa ndiyo iliyonunua uyoga.

#9 Hajjat_Kisenyi (Kampala)

Jajja wangu, mbona maziwa umeyataja mwishoni kama kitu kidogo?

#10 Mwalimu_Mbale (Mbale)

Hajjat ameona lililotupita sote. Naomba nirudie hesabu yangu ya #4, maana sasa tunajua kilichokuwa mezani kwa kweli.

Sahani ya zamani: viazi gramu 300 hutoa kalori 260 na protini gramu 5.6, maziwa kikombe cha mililita 200 hutoa kalori 125 hivi na protini gramu 6.4. Jumla ni kalori 385 na protini gramu 12. Sahani mpya: uyoga gramu 200 hutoa kalori 66 na protini gramu 6.6, na tukimwongezea kile kijiko cha mafuta bado hafiki kalori 110. Kwa maneno mengine, Jajja alibadilisha chakula ili mtoto apate protini nyingi zaidi, na mtoto amepata nusu ya protini aliyokuwa akiipata, pamoja na chini ya theluthi moja ya nguvu. Pengo la kalori 275 kwa siku likizidishwa kwa siku 21 linakaribia 5,800, na mwili ukilipa deni hilo kwa mafuta yake utapungua robo tatu ya kilo. Mizani imesema gramu 600. Kwangu mimi, hesabu imefunga.

#11 Muuguzi_Arua (Arua)

Mwalimu, nakuheshimu, lakini mwili wa mtoto si daftari la duka. Mtoto aliyekosa jioni huongeza mchana, hasa akiwa na rafiki wa kula naye, na huyu tunajua chakula chake kimoja tu kati ya vitatu au vinne. Hesabu imefunga juu ya gramu 600 ambazo ndugu wa Busia ametuonyesha kwamba hazina uhakika. Ukitoa viatu na nguo za shule, huenda mtoto hakupungua hata kidogo. Na ukikumbuka mafua ya wiki ya kwanza, huenda alipungua na tayari amekwisha kurudi.

#12 MwanafunziLishe (Kampala)

Nimechelewa kufika, naomba radhi. Ninasoma mwaka wa tatu wa lishe, na ningependa kuongeza sababu ambayo haijatajwa, inayohusu ile protini yenyewe.

Maabara kwa kawaida haipimi protini moja kwa moja. Hupima naitrojeni, kisha huizidisha kwa 6.25, kwa kudhani kwamba naitrojeni yote imetoka kwenye protini. Kwa nyama na maharage dhana hiyo inakubalika. Kwa uyoga ina kasoro, kwa sababu uyoga si mmea. Kuta za seli zake zimejengwa kwa kaitini, ile ile iliyo kwenye maganda ya nsenene (wale panzi wa kuliwa), na kaitini ina naitrojeni ambayo mwili wetu hauwezi kuitumia kama protini. Ndiyo maana wataalamu wengi hutumia 4.38 badala ya 6.25 wanapopima uyoga. Kama ile gramu 30 ya ubaoni ilipatikana kwa njia ya kwanza, kwa njia ya pili inashuka hadi gramu 21. Isitoshe, kaitini hufanya uyoga uwe mgumu kusagika tumboni, hasa kwa mtoto asiyetafuna vizuri. Jajja anaweza kuangalia kinyesi cha mtoto: vipande vikitoka kama vilivyoingia, basi sehemu ya chakula hicho haikumfaa.

#13 FundiUyoga (Wakiso)

Dada Mwanafunzi, hilo la kaitini nalijua, na dawa yake ni jikoni. Uyoga ukatwe vipande vidogo kwa kufuata nyuzi na upikwe hadi ulainike. Kwa mtoto, afadhali ukaushwe, utwangwe na kuchekechwa, kisha unga wake uingie kwenye uji. Wateja wangu wenye watoto hununua unga, hawanunui mbichi.

#14 Mwalimu_Mbale (Mbale)

Na kijiko kimoja cha unga huo kina uzito gani? Tuseme gramu 6. Kwa gramu 30 za protini katika 100, mtoto amepata gramu 1.8, kwa hesabu ya Mwanafunzi amepata 1.3. Ni kitu kizuri kuongeza, lakini ni kiungo, si chakula. Karanga za uzito huo huo zingempa karibu gramu 1.6 za protini pamoja na kalori 34, kwa bei ambayo Jajja anaimudu.

#15 Mtiko_Masaka (Masaka)

Mimi nimezaliwa katika ukoo wa Butiko, yaani ukoo wa Uyoga, kwa hiyo uyoga ni mwiko wangu. Haujawahi kupita mdomoni mwangu, wala wa baba yangu, wala wa babu yangu. Kama uyoga ungekuwa chakula kisicho na mbadala, ukoo wetu usingekuwa mkubwa kama ulivyo katika Buganda nzima. Tumekula matoke, maharage, karanga na mukene (dagaa), na obumonde, yaani viazi mviringo, vilipoingia tukavila pia. Nasema hivi ili Jajja asijione amemkosesha mjukuu kitu siku atakapouacha.

#16 AfandeMstaafu (Bombo)

Ndugu Mtiko, ndiyo maana siku ya harusi yenu mtu hukuta sufuria ya uyoga wa karanga imejaa, akashukuru. Endeleeni kuuacha, nasi tutausaidia kuisha.

Nirudi kwenye hoja. Humu tunazungumza kana kwamba uyoga ni mmoja. Wa kununua kwa FundiUyoga ni salama kwa sababu anajua alichopanda. Lakini mtu akisoma uzi huu na kuona kwamba uyoga una protini, huenda akaingia porini kuchuma. Nilipokuwa kazini kaskazini, wenzangu wawili walichuma wakapika, wakala wakashiba, wakalala salama. Ni kesho yake mchana ndipo walipoanza kutapika, na walikaa hospitalini siku nyingi. Sumu ya aina zile mbaya kabisa haiharibiki kwa moto, dalili zake hukawia saa 6 hata 24, na inaposhika hushika ini. Hakuna kijiko cha fedha wala kitunguu saumu kinachoitambua. Ule mdogo mweupe wa kichuguu, obubaala, mama zetu waliujua kwa kuonyeshwa na mama zao kwa vidole, kichuguu kwa kichuguu. Asiyeonyeshwa asichume.

#17 Hajjat_Kisenyi (Kampala)

Afande umesema vema. Na obubaala huoshwa mara tano au sita, maana mchanga hujificha kwenye kofia zake ndogo, na mchanga mmoja tu ukisaga jino umeharibu sufuria nzima.

Mimi ninapika kwa ajili ya kuuza kwa mwaka wa kumi na saba sasa, na nina jambo la kumwambia Jajja ambalo halimo kwenye hesabu za Mwalimu. Watoto wengi hawali uyoga. Unauona umeondoka kwenye sahani ukadhani ameula, kumbe ameunyonya mchuzi, ameutafuna hadi ukawa kama kamba, kisha akautema chini ya meza au akampa paka. Viazi havifanyiwi hivyo. Kaa naye jioni moja, usiondoke, umtazame tangu kijiko cha kwanza hadi cha mwisho.

Halafu nauliza: viazi tunavyovisema ni obumonde au lumonde? Maana nikisema viazi hapa kwangu, nusu ya wateja wanataka vitamu.

#18 MkulimaKigezi (Rubanda)

Ni obumonde, Hajjat, vile vya mviringo, tunavyoviita ailishi. Naomba nivitetee kidogo kwa sababu mkufunzi yule amevivunjia heshima. Si wanga mtupu. Gramu 100 vikiwa vibichi vina miligramu 20 hivi za vitamini C, na uyoga hauna ya kuhesabika. Potasiamu vina karibu miligramu 420, sawasawa na uyoga wa mamama. Kinachoviharibu ni kisu na maji: mtu anamenya ganda nene, anakata vipande vidogo, anachemsha kwenye maji mengi, kisha anayamwaga maji yale yakiwa na vitamini. Sisi tunavichemsha na maganda yake kwa maji machache, na sufuria tunaifunika kwa jani la mgomba. Ganda likianza kupasuka na unga mweupe kuchungulia, vimeiva. Unamenya kwa vidole ukijipuliza, na ganda linatoka jembamba kama karatasi.

Niseme pia kwamba protini ya viazi ni chache lakini ni nzuri.

#19 MwanafunziLishe (Kampala)

MkulimaKigezi yuko sahihi kuhusu ubora huo. Protini ya viazi ina lisini ya kutosha, moja ya vijenzi vya protini, ambayo nafaka kama mahindi huikosa. Upungufu wake uko zaidi kwenye kijenzi kingine, methionini. Mwaka 1928 watafiti Kon na Klein walichapisha jaribio ambalo mwanamume na mwanamke waliishi kwa siku 167 wakipata karibu protini yao yote kutoka kwenye viazi, na afya zao zikabaki nzuri. Lakini tusiende mbali: wale walikuwa watu wazima walioweza kula viazi vingi mno, na waliongezewa mafuta. Mtoto wa miaka minne anayehitaji gramu 13 au 14 za protini kwa siku angelazimika kula gramu 700 hivi za viazi, na hilo si jambo la kumtaka mtoto.

Kisha kuna kinachokosekana kote kuwili. Viazi mviringo havina vitamini A ya maana, na uyoga vilevile. Hapo lumonde ya Hajjat inaingia, lakini ile ya rangi ya machungwa, si nyeupe. Mwenzetu Mganda Robert Mwanga alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, na kazi ya watatu kati yao ilikuwa ni viazi hivyo. Upande wa uyoga, unavizidi viazi kwa niasini mara nne au tano, kwa riboflavini karibu mara kumi (zote mbili ni vitamini za kundi B), na kwa madini ya seleniamu pia.

#20 FundiUyoga (Wakiso)

Na vitamini D umeiacha. Uyoga una dutu iitwayo ergosteroli, ambayo ikipigwa na jua hugeuka kuwa vitamini D2. Ninapoanika huulaza uyoga kwenye ungo, upande wa mistari ya chini ya kofia ukitazama juu, kuanzia saa tano hadi saa nane mchana. Uyoga uliokulia gizani na kuuzwa bila kuona jua unakuwa na kidogo sana, ila saa moja ya jua kali inaweza kuufikisha mikrogramu 10 kwa gramu 100. Kiazi ukikianika juani hupati kitu hicho.

#21 Muuguzi_Arua (Arua)

Kiazi ukikianika juani kinageuka kijani na kutengeneza solanini, ambayo ni sumu. Sehemu hiyo ikatwe yote, na kikiwa kichungu kitupwe. Kuhusu vitamini D, mtoto anayecheza uani hapa Uganda huipata kwenye ngozi yake bure. Ningeipendekeza njia ya ungo kwa mgonjwa au mzee ambaye hatoki ndani.

#22 Busia_Mpakani (Busia)

Nashukuru kwa elimu. Lakini hakuna aliyegusa fedha, na Jajja aliitaja mara mbili. Kwenye soko letu, fedha ya kilo moja ya uyoga mbichi hununua kilo kadhaa za viazi na bado chenji ya maharage ikabaki. Hata kama uyoga ungekuwa na protini mara tatu, mfuko wake unamlisha mtoto siku ngapi?

#23 FundiUyoga (Wakiso)

Ndiyo maana mafunzo aliyohudhuria yalikuwa ya kulima, hayakuwa ya kununua. Akipanda mifuko kumi nyuma ya nyumba, bei hiyo haimhusu tena, na ya ziada atauza anunue maziwa.

#24 Jajja_Walukuba (Jinja)

Nimerudi baada ya siku kumi, nanyi mmenifunza mengi kuliko lile daftari. Nilifanya kama Hajjat alivyoniagiza, nikakaa naye. Alikula mchuzi wote, akatafuna vipande vitatu, na vingine akavisukuma pembeni taratibu, akavifunika kwa kijiko nisivione. Niliona pia vipande viwili kwenye kinyesi, kama Mwanafunzi alivyosema. Utepe wa mkono ulionyesha sentimita 15.5, rangi ya kijani, na mhudumu wetu alimpa dawa ya minyoo ingawa muda wake ulikuwa haujafika sawasawa. Nimemrudishia viazi vya maganda na kikombe chake cha maziwa. Uyoga nimeupunguza hadi kiganja kimoja, ninaukatakata sana na kuupika kwenye mchuzi wa karanga. Haamki tena usiku. Kwenye mizani ile ile ya jirani amefika kilo 14.9.

#25 MkulimaKigezi (Rubanda)

Viazi hivyo.

#26 Hajjat_Kisenyi (Kampala)

Maziwa hayo, ndugu yangu.

#27 Mwalimu_Mbale (Mbale)

Nimefurahi sana, Jajja, na wakati huo huo umetuacha njia panda, maana umebadilisha vitu vinne kwa pamoja: viazi, maziwa, karanga na dawa ya minyoo. Kila mmoja wetu humu atadai kwamba alichosema ndicho kilichomponya, na hakuna atakayeweza kumkanusha mwenzake. Na Muuguzi atasema kwamba mafua yamekwisha tu.

#28 Muuguzi_Arua (Arua)

Ningesema hivyo, ndiyo. Gramu 300 ndani ya siku kumi kwa mtoto huyu ni nyingi mno kuwa ukuaji wa kawaida. Ama anafidia alichokipoteza, ama alikuwa na tumbo tupu siku ile na limejaa siku hii. Mpime tena, Jajja, asubuhi kabla hajala.

#29 Jajja_Walukuba (Jinja)

Nitampima Jumamosi asubuhi, kwenye kliniki ile ya kwanza, ili tuwe na mizani ile ya mwanzo.

#30 Busia_Mpakani (Busia)

Basi mvalishe zile zile nguo za shule, Jajja, pamoja na viatu.